Mstaafu wa jeshi, pombe na kiwewe cha vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya yanatoka kwa wake, watoto, na mara chache kwa wastaafu wenyewe. Mengi huulizwa mwishoni, mtu akiwa ameshasimama kuaga, baada ya kuzungumzia mafao, presha au ada ya mtoto. Kama mgonjwa wako anatetemeka sasa hivi au anazungumzia kufa, ruka uende kwenye swali la kuacha pombe ghafla au lile la kutaka kufa. Mengine yatasubiri.

## Kulielewa tatizo

Mzee alistaafu zamani na vita viliisha zamani zaidi. Iweje asumbuke leo?

Inawezekana, na inatokea sana. Akiwa kazini alikuwa na paredi ya asubuhi, zamu, na wenzake walioelewa bila kuambiwa. Siku aliyokabidhi vifaa vya kikosi, vyote hivyo vilikatika kwa mpigo, na usiku ukawa mrefu.

Hesabu ya miaka nayo inaeleza mengi. Katika vita vya Kagera, majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 1979. Ugonjwa huu wa kiwewe, ambao kwenye faili madaktari huuandika PTSD, uliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, kwa msukumo mkubwa wa askari waliorudi kutoka Vietnam. Kwa hiyo vijana wetu waliporudi toka Uganda walipokelewa kwa ngoma, lakini hapakuwa na muuguzi aliyefundishwa kuwauliza wanalalaje. Leo ni wazee, na wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo.

Wa karibuni zaidi ni waliokwenda kulinda amani. Darfur, Julai 2013, askari 7 wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja. Kongo, kambi ya Semuliki ilishambuliwa tarehe 7 Desemba 2017 na Tanzania ikapoteza askari zaidi ya 10. Baadhi ya waliopitia operesheni za namna hiyo wakarudi wakiwa na viungo vyao vyote sasa wameshastaafu. Wanalinda mageti, wanaendesha bodaboda, wanalima, na hakuna anayewahesabu kuwa majeruhi.

Nitajuaje kama ni kiwewe au ni ukali wake tu?

Angalia mambo manne, na kama yameendelea zaidi ya mwezi mmoja. La kwanza, tukio linarudi lenyewe: ndoto, au mchana kweupe anaganda kana kwamba yuko kule. La pili, anakwepa. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anazima televisheni au anaondoka nyumbani kabisa. La tatu, moyo umekufa ganzi, hafurahii wajukuu, anajilaumu kwa kubaki hai wakati wenzake hawakurudi. La nne, yuko macho muda wote: baa anakaa mgongo ukutani akiutazama mlango, fataki za mwaka mpya zinamwingiza uvunguni, ekzosi ya pikipiki ikilipuka anakutukana wewe uliyekuwa unamwandalia chai.

Ukali peke yake hautoshi. Ukali pamoja na kukosa usingizi, kukwepa na kushtuka, huyo apelekwe akaonwe.

Na kwa anayelala naye: usimwamshe kwa kumgusa. Simama mlangoni, washa taa, mwite kwa jina mpaka aitike na ajue yuko wapi. Wake kadhaa wamepigwa usiku na mume ambaye asubuhi hakumbuki chochote.

Anasema pombe ndiyo inayomlaza. Ni kweli?

Ni nusu ya ukweli. Pombe inamwangusha haraka, lakini inavuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndoto zinapokuwa nyingi. Saa nane au saa tisa usiku anaamka ameloa jasho, moyo unakimbia, kesho yake anaongeza kipimo. Kwa mwendo huo chupa moja inazaa mbili, na kiwewe kiko palepale.

Huku kwetu kila mtu anakunywa. Lini unywaji unakuwa ugonjwa?

Dalili ambayo familia huiona mapema ni kuzimua: asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo ndipo ashike kikombe. Akifika hapo mwili umeshakuwa tegemezi, iwe ni mbege, bia au konyagi. Hospitalini hutumika maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yaitwayo AUDIT. Alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari, 20 na kuendelea ni kumfuatilia mtu kama mraibu. Gongo, au piwa, ina hatari yake ya ziada kwa sababu ikichanganyika na methanoli inapofusha na kuua, hata kwa anayekunywa siku hiyo moja tu.

Na anayetumia bangi au mirungi?

Njia ya kuanzia ni ileile. Mirungi inafukuza usingizi na kuongeza wasiwasi, vitu viwili ambavyo mwenye kiwewe anavyo tayari kwa wingi. Kisheria zote mbili ni dawa za kulevya, lakini unapomweleza daktari unachotumia unajieleza kama mgonjwa. Mweleze yote.

## Pa kuanzia

Twende hospitali gani?

Arusha, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, na juu yake KCMC, ambayo ni ya rufaa ya kanda na ina idara ya magonjwa ya akili. Ukitumia bima, anzia kituo cha karibu upate barua ya rufaa, vinginevyo utazungushwa dirishani.

Mapokezi sema wazi: "Tunaomba kliniki ya afya ya akili." Ukisema "hapati usingizi na kichwa kinauma" utapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na panadol.

Wengine huingia kwa mlango mwingine kabisa, wa ajali. Mtu ameanguka na pikipiki akiwa amelewa, akapelekwa KCMC. Pale watafiti wametengeneza mazungumzo mafupi kwa majeruhi wanaokunywa, yanayoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Muuguzi au daktari wa majeruhi akianza kuuliza kuhusu pombe, msimkatize kwa kumfichia mzee aibu. Huenda ndiyo nafasi pekee ya mwaka huo.

Si lazima hospitali ya jeshi?

Hapana. Hospitali kuu ya jeshi ni Lugalo, Dar es Salaam, na mwenye haki ya kutibiwa huko akipenda aende. Ila kiwewe cha vita kinatibika kwa daktari wa kiraia, na kliniki ambayo mzee anaifikia kwa daladala moja ina faida kubwa, maana atatakiwa kurudi mara nyingi.

Watampeleka Mirembe?

Hofu hii inakwamisha watu wengi kuliko nauli. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma, na hupokea rufaa. Mwenye kiwewe na pombe kwa kawaida anatibiwa akitokea nyumbani, na akilazwa, mara nyingi ni siku chache za kumtoa kwenye pombe salama.

Hatuna hela. Inakuwaje?

Sera ya afya inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wapiganaji wote wa Kagera wameshavuka umri huo. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, upate kitambulisho cha mzee kupitia halmashauri. Aliye chini ya 60 aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali yenyewe, kabla ya kufika kwa mhasibu. Uliza pia bei ya dawa kabla ya kuondoka. Dawa nyingi za tatizo hili ni za zamani na zina matoleo ya bei nafuu, kwa hiyo ukiandikiwa ya bei mbaya, rudi uulize kama ipo mbadala.

Mtaulizwa nini siku ya kwanza?

Anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Amewahi kupata degedege akiacha? Analala saa ngapi? Anawaza kujidhuru? Dawa gani nyingine anatumia? Mpelekee daktari vidonge vyote vya nyumbani kwenye mfuko, vikiwamo vya presha, sukari na vya mitishamba.

Hatalazimishwa kusimulia vita siku hiyo. Mwambieni hivyo kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu wengi hugoma wakidhani watakaa mbele ya kijana wa miaka 28 waanze kuhadithia maiti. Na msindikizaji ajue kunyamaza. Mzee aliyezoea kuitwa afande hasemi ukweli kuhusu machozi yake mbele ya mkwewe.

## Matibabu yenyewe

Aache pombe kwanza ndipo atibiwe kiwewe?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake la zamani limewaumiza wengi. Kwa miaka mingi mraibu aliambiwa, "nenda kaache, ukiwa safi urudi." Anaacha wiki mbili, ndoto zinarudi kwa nguvu, hana dawa wala wa kuzungumza naye, anarudi baa. Sasa hivi mwelekeo ni kutibu vyote pamoja: mwili unatolewa kwenye pombe kwa uangalizi, na papo hapo tiba ya kiwewe inaanza, bila kumwekea sharti la miezi ya ukavu. Mkikutana na mhudumu anayewaambia vinginevyo, ombeni kwa upole kuonana na daktari wa magonjwa ya akili.

Anaweza kuacha ghafla, akiwa nyumbani, kwa kufungiwa chumbani?

Hapana, kama anakunywa kila siku na hutetemeka asubuhi. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuua.

Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huja kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi. Degedege mara nyingi huja ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani au watu wasiokuwapo, joto linapanda na moyo unakwenda mbio. Kwa askari hali hiyo huvaa sura ya vita: anaamuru, anajificha, anamwona adui kwa jirani. Familia husema kalogwa. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Wodini hupewa diazepam kwa siku chache kwa kipimo kinachopungua, na vitamini B1. Hiyo B1 ni muhimu kuliko jina lake linavyosikika, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo, na dripu ya glukosi bila B1 inaweza kuudhuru ubongo. Mkumbusheni mhudumu kwamba mgonjwa ni mnywaji. Asipoambiwa atajuaje?

Tiba ya kiwewe ni mazungumzo tu?

Ni mazungumzo ya kazi, tofauti na ushauri wa "jipe moyo." Kuna tiba ambayo mgonjwa anasimulia tukio hatua kwa hatua, tena na tena, katika usalama, mpaka kumbukumbu inapoteza makali. Kuna nyingine inayoshughulika na mawazo yaliyoganda, kama "wamekufa kwa sababu yangu." Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 16. Wiki za kwanza anaweza kuonekana amezidiwa, nyumbani mkasema tiba imemharibu. Mwambieni mtaalamu, msimtoe.

Wataalamu wa saikolojia ni wachache na foleni ipo. Hata hivyo Moshi ilishaonyesha kwamba kazi hii si ya madaktari peke yao: washauri wa kawaida walifundishwa tiba ya kiwewe kwa watoto yatima, nayo ikafanya kazi. Kwa hiyo usimdharau muuguzi au afisa ustawi aliyepewa mafunzo.

Dawa zitamfanya zezeta?

Zinazotumika zaidi ni za jamii ya fluoxetine na sertraline. Hazilevyi wala hazileti uteja. Huchukua wiki 2 hadi 6 kuonekana, na hapo ndipo wengi huziacha, siku chache kabla hazijaanza kazi. Kwa ndoto mbaya baadhi ya madaktari huongeza prazosin. Diazepam ni habari nyingine: inafaa kwa siku zile za kutoka kwenye pombe, lakini ikitumiwa kwa miezi haiponyi kiwewe, inazaa uraibu mwingine, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Akiwa anainunua mwenyewe famasi, daktari ajue.

Na kama ni unga?

Arosto ya heroini inatesa vibaya ingawa yenyewe ni nadra kuua. Tiba iliyothibitika ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011 na katika kliniki za serikali ni bure. Kujua kliniki iliyo karibu, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kwa kiwewe, utaratibu ni uleule wa kutibu vyote pamoja.

Soba inafaa?

Nyumba za upataji nafuu zinawafaa wengine, hasa asiye na mtu nyumbani au anayeishi jirani na kilabu. Kuna wastaafu wanaotulia pale haraka kwa sababu kuna kengele, zamu na usafi wa asubuhi. Kuna wanaojiona wamerudishwa mahabusu ya kikosi, wakatoroka wiki ya kwanza.

Kabla ya kulipa, nendeni mkaione. Ulizeni kama imesajiliwa, nani anatoa dawa, na mtu akipata degedege usiku anapelekwa wapi. Wakisema hapa tunatumia maombi na nidhamu tu, hapo si pa kumpeleka anayetoka kwenye pombe nzito. Mkiona minyororo au fimbo, geuzeni gari. Na muulize kama atatolewa kwenda kliniki yake ya afya ya akili, kwa sababu soba nyingi zinajua uraibu vizuri kuliko zinavyojua kiwewe.

## Nyumbani na mtaani

Hataki kabisa kwenda. Tufanyeje?

Acheni neno akili kwa muda. Mpelekeeni lile linalomkera yeye mwenyewe: usingizi, tumbo, mikono. "Baba, twende ukaangaliwe usingizi" limefungua milango mingi. Ongeeni asubuhi kabla hajanywa, mtu mmoja, bila kikao cha ukoo. Mwenzake wa kikosi ana nguvu kuliko mchungaji na shemeji wakiunganishwa, kwa hiyo mtafuteni. Kumlazimisha ni kwa hatari ya kweli tu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 imeweka utaratibu wake, na ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo itakayowaongoza.

Naweza kumwekea dawa ya kuacha pombe kwenye chai bila yeye kujua?

Usithubutu. Disulfiram ikikutana na pombe huleta kutapika, kifua kubana na presha kushuka, na mwenye moyo dhaifu anaweza kufa. Hutumiwa na mtu anayejua na aliyekubali. Unga wa "kukomesha ulevi" unaouzwa sokoni bila lebo ni mbaya zaidi, maana hata daktari hatajua amkinge na nini.

Tumempeleka kwenye maombi. Kuna ubaya?

Hakuna, mradi asiambiwe aache dawa. Watu wa kaskazini tunakumbuka 2011, misururu ya magari kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu wa Loliondo, na wagonjwa walioacha dozi zao wakidhani wamepona. Mchungaji au shehe mwenye busara atamwambia amwombe Mungu na ameze dawa.

Desemba ndugu wote wanapanda Moshi. Atapitaje katikati ya mbege?

Huu ndio msimu mgumu kuliko yote: misiba, harusi, ndafu, kata ya mbege inazunguka, na kuikataa mbele ya wazee kunaonekana dharau. Jibu linaloheshimika na lisilo na maelezo mengi ni "niko kwenye dozi." Watanzania hawabishani na dozi. Mke au kaka mmoja awe ameshaambiwa, akae jirani naye, na soda iwe mkononi kabla kata haijafika. Waondoke mapema, kabla ya fataki. Usiku wa mwaka mpya, kama mnaweza, laleni mbali na barabara kuu.

Amekaa miezi mizuri, amerudia. Tumepoteza hela bure?

La. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu. Rudini kliniki wiki hiyohiyo, kwa faili lilelile. Na kama amekunywa siku kadhaa mfululizo, msimkatishe ghafla.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Amesema afadhali afe. Tukisema hospitali, polisi watamkamata?

Kuwaza kufa, na kulisema, si kosa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo inawafanya watu wafiche. Usifiche. Muulize waziwazi, "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mpelekeni idara ya dharura. Ikiwa kuna vurugu piga 112.

Kabla ya yote ondoa vitu. Sumu ya panya na dawa za kunyunyizia mimea shambani zitoke nyumbani kabisa, kuzifungia kabatini hakutoshi. Kama ana bastola ya leseni, ipelekwe kituo cha polisi ihifadhiwe, na ni vizuri akubali mwenyewe siku ambayo ametulia. Wengi wao hukubali wakiombwa kwa heshima, kwa sababu silaha wanaijua kuliko sisi.

Bado yuko kazini. Akitibiwa uraiani, kikosi kitajua?

Daktari analazimika kutunza siri ya mgonjwa. Ila bima hupelekewa jina la ugonjwa, na ruhusa ya kutokuwapo kazini hupitia kwa mganga wa kikosi. Mwenye shaka amuulize daktari kabla hajaandika chochote, swali hilo si jipya kwake.

Mume wangu ni mstaafu wa jeshi la Marekani, tunaishi Arusha.

Idara ya wastaafu wa jeshi ya kwao ina mpango uitwao Foreign Medical Program, unaolipia nje ya Marekani matibabu ya maradhi yaliyokubaliwa rasmi kuwa yametokana na utumishi. Kama kiwewe kimeshakubaliwa kwenye kumbukumbu zake, tunzeni risiti na ripoti ya daktari. Madai hupelekwa ndani ya miaka 2 tangu siku ya matibabu.

Sikuwa JWTZ. Nilikwenda Kagera kama mgambo na sina karatasi yoyote.

Mko wengi. Vita vile vilipiganwa pia na mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na baada ya vita kila mtu alirudi alikotoka. Kwa fidia na mafao karatasi zina kazi yake. Kwa kliniki hazihitajiki: pale Mawenzi au Mount Meru utafunguliwa faili kama mgonjwa mwingine yeyote, na kitambulisho cha mzee kinatosha kwa msamaha ulioelezwa kwenye swali la gharama. Ukiwa na jina la kamanda wako au la mwenzako aliye hai, liandike, kisha waulize Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA) kama wanaweza kukuunganisha na waliokuwa kombania moja na wewe.